Tumpime kwa Kipimo Gani?

Wahenga walisema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Methali hii nimeisikia tangu nikiwa darasa la pili, na kwa miaka mingi sikuiona kasoro. Lakini kila baada ya miaka mitano, msimu wa kampeni ukifika, inanitia mashakani. Maana katika msimu huo wanajitembeza wote! Mzuri anajitembeza, mbaya anajitembeza, na yule wa katikati, ambaye hajulikani ni chui au paka, naye yumo juu ya gari lenye spika nne, anajitembeza. Sijapata kuona mgombea urais aliyekaa kwake barazani akangoja ajiuze. Sasa mimi mpiga kura, niliyesimama juani na kofia ya bure kichwani, nitamjuaje?

Hilo ndilo swali langu, ndugu msomaji. Sikuja kukuambia umchague nani. Mimi ni kijana wa kidato cha nne tu, ninayeandika riwaya kwenye kaunta buku na kuwasomea washikaji kijiweni. Digrii ya siasa sina. Ila swali hili nina deni nalo, na deni lenyewe nitalitaja huko mbele, maana ni zito kidogo. Tuanze na mjomba wangu.

Mjomba ni seremala, Keko, hapa Dar es Salaam. Mwaka 2015 nilikuwa kidato cha pili, na kila nikitoka shule nilipitia karakana kwake kupiga msasa miguu ya vitanda ili nipate nauli ya kesho. Pale ndipo nilipoionea kampeni. Mafundi walikuwa wamegawanyika kati. Upande huu John Magufuli wa CCM na kaulimbiu yake ya Hapa Kazi Tu, upande ule Edward Lowassa wa Chadema, akiungwa mkono na vyama vya Ukawa, na mikono inazungushwa hewani: mabadiliko! Randa zilikuwa zinalala mchana kutwa, watu wanabishana.

Siku moja habari ikaingia karakana kwamba Magufuli kapiga pushapu jukwaani. Naam, mgombea urais, mbele ya umati, kifudifudi, chini juu, chini juu! Maneno yalikuwa yamezagaa kwamba Lowassa ni mgonjwa, hawezi kazi ya Ikulu. Pushapu zile zilikuwa jibu bila kutaja jina. Fundi mmoja akaruka: "Mnaona mtu mzima huyo? Yule wenu hata ngazi ya jukwaa anashikwa mkono!" Mwingine akamjibu: "Kwani bwana wee tunatafuta rais au mbeba zege?" Karakana nzima ikaangua kicheko. Lakini usidhani kicheko kile kilimaliza hoja. Walikuwapo watu wazima, wenye watoto, walioamua kura yao siku ile kwa sababu ya mikono miwili ya mtu.

Magufuli alishinda kwa asilimia 58 na ushei, Lowassa akapata karibu asilimia 40. Kisha Mungu akafanya yake. Machi 17, 2021 ilitangazwa kwamba Rais Magufuli amefariki dunia, miezi michache tu ndani ya awamu yake ya pili. Lowassa, yule aliyesemwa hawezi ngazi, alifariki Februari 10, 2024. Sisemi haya kuwacheka marehemu, la hasha. Wote wawili Mungu awarehemu. Nasema ili tujicheke sisi. Tulijifanya madaktari, tukampima mtu afya kwa macho kutoka mita hamsini. Kipimo kile hakikuwa kipimo.

Basi kama si mwili, ni nini? Wengi watasema: maneno yake. Hebu tuyaangalie maneno.

Mjomba wangu ana historia ndefu na wagombea. Mwaka 1995, uchaguzi wa kwanza wa vyama vingi tangu mfumo huo urudishwe mwaka 1992, alikuwa kijana wa miaka 22, akawa mmoja wa wale waliosukuma gari la Augustino Mrema kwa mikono. Gari zima, injini inafanya kazi, lakini vijana wanalisukuma kwa mapenzi. Anasema mgongo ulimuuma siku tatu na hakujuta hata moja. Mrema wa NCCR-Mageuzi akapata asilimia 27 na kitu, Benjamin Mkapa wa CCM akashinda kwa karibu asilimia 62. Uchaguzi wenyewe hapa Dar es Salaam ulivurugika hata ukafutwa na kurudiwa Novemba.

Halafu ikaja Septemba 2007. Mjomba akatoka Keko kwa miguu hadi viwanja vya Mwembe Yanga, Temeke, kumsikiliza Dakta Willibrod Slaa wa Chadema akisoma orodha ya watu kumi na mmoja aliowaita mafisadi. Jina la Lowassa, aliyekuwa Waziri Mkuu, lilikuwamo. Mjomba alishangilia hadi sauti ikakauka. Miezi mitano baadaye, Februari 2008, Lowassa akajiuzulu kwa ajili ya mkataba wa umeme wa Richmond. Mwenyewe alikana makosa tangu siku ile hadi anaingia kaburini, na hakuna mahakama iliyomtia hatiani. Hilo lazima lisemwe. Lakini kwa Mjomba kesi ilikwisha pale pale Mwembe Yanga.

Sasa njoo nami Julai 2015. Chama kile kile kilichosoma orodha kikampokea Lowassa, kikampa bendera awe mgombea wake wa urais. Dakta Slaa akasusa, akatangaza kuachana na siasa za vyama. Na Mjomba wangu je? Siku tatu hakuzungumza na mtu karakana. Alikuwa anapiga randa tu. Siku ya nne nikamwuliza, kwa kuwa mimi ni mtoto na mtoto huuliza: "Mjomba, wewe si ulisema huyu fisadi?" Akanitazama kama mtu aliyekanyagwa kidonda. Akasema: "Mjomba, mimi nataka hawa waliopo watoke. Atakayewatoa, hata awe nani." Kisha akaongeza kwa sauti ndogo: "Ila siku ile Mwembe Yanga nilishangilia nini, sijui."

Nimelibeba jibu lile miaka yote hii. Maana Mjomba hakuwa mnafiki. Alikuwa ameamini maneno mara mbili, na maneno yalikuwa yametoka kinywa kimoja, ya kwanza yakisema hivi na ya pili yakisema vile. Na usidhani ni upande mmoja tu. Machi 2019 Lowassa alirudi CCM, na wale waliokuwa wakimtukana 2015 wakampigia makofi. Maneno ya jukwaani ni kama bei ya nyanya: leo hivi, kesho vile, na mwenye genge hakosi sababu.

Wazee wetu waliwahi kujaribu kuyapunguza makali haya ya maneno. Enzi za chama kimoja, kuanzia 1965, wagombea ubunge wawili katika jimbo walipewa alama: mmoja jembe, mwingine nyumba. Kampeni ziliendeshwa na chama. Wote wawili walisafiri pamoja, wakasimama jukwaa moja, wakijieleza mbele ya watu wale wale. Ilikatazwa kuomba kura kwa kabila, dini au rangi, na lugha ya kampeni ilikuwa Kiswahili. Nikisikia habari hizi napenda kitu kimoja: mtu hakuweza kumsengenya mwenzake akiwa hayupo, maana mwenzake yupo pale kakaa kiti cha pili! Lakini urais wenyewe ulikuwa na jina moja tu, nawe unajibu Ndiyo au Hapana. Hapo kupima kulikuwa wapi? Utapimaje kitu kimoja kwenye mizani yenye sahani moja?

Na sheria ya leo inatusaidia kiasi gani? Katiba ya 1977 inamtaka mgombea urais awe raia wa kuzaliwa, awe ametimiza miaka 40, awe amependekezwa na chama, na asiwe ametiwa hatiani kwa kukwepa kodi ya Serikali ndani ya miaka mitano kabla ya uchaguzi. Sheria nayo inadai wadhamini mia mbili mia mbili kutoka mikoa isiyopungua kumi, miwili kati yake ikiwa ya Zanzibar. Basi. Kuhusu moyo wa mtu, sheria inanyamaza, na inanyamaza kwa haki, kwani hakimu gani ana miwani ya kuona moyo? Kazi hiyo tumeachiwa mimi na wewe. Mwaka 1995 Mwalimu Nyerere, miaka kumi baada ya kung'atuka urais, alijaribu kutusaidia. Katika hotuba zake, hasa ile ya Mei Mosi kule Mbeya, aliwataka Watanzania wawaangalie wagombea kwa habari ya rushwa, ukabila, udini na kuiheshimu Katiba. Ni vipimo vyema. Taabu ni kwamba wagombea nao walisikia hotuba ile ile. Tangu siku hiyo sijasikia mgombea anayepanda jukwaani akasema: mimi ni mla rushwa na mkabila, nipeni kura.

Wengine wakaona heri wapime kwa mkono: ametupa nini? Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilirekebishwa ikaruhusu kitu kikaitwa takrima, yaani ukarimu wa kiasili kwa wageni. Neno tamu, la Kiswahili safi! Khanga ikawa takrima, pilau takrima, bahasha takrima. Mwaka 2006 Mahakama Kuu ikaifuta ruhusa hiyo, ikaona inampendelea mwenye fedha na inafungua mlango wa rushwa. Neno likafutwa sheriani lakini kijiweni kwetu halikufutika. Mshikaji wangu mmoja husema: "Mi' nachukua kwa wote, kura nampa nimtakaye." Anajiona mjanja. Lakini mwenye njaa hana miiko, na anayekulisha siku moja katika siku elfu moja na mia nane ishirini na tano, huyo hakukukirimu. Amekununua kwa bei ya jumla.

Sasa nilipe deni langu.

Mwaka 2020 nilitimiza miaka ishirini, na Oktoba ile ndiyo ilikuwa kura yangu ya kwanza. Rais, mbunge na diwani, siku moja. Katika kata yetu alikuwapo mgombea udiwani aliyeambatanisha jina lake na mgombea urais wa chama chake kila akipumua. Chama sikitaji, wala yeye simtaji. Watu wake walisikia kwamba nipo kijana ninayeandika hadithi. Wakaniita. Wakasema mgombea ni mtu mzuri ila "hana stori", na watu hawalii akizungumza. Nimwandikie maisha yake ya utotoni, ukurasa mmoja, ya kugusa. Malipo shilingi elfu sitini.

Nikaketi naye nusu saa. Alizaliwa katika nyumba ya kawaida, baba yake mtumishi wa serikali, akasoma, akafanya biashara ya vifaa vya ujenzi. Si vibaya, lakini kwa kweli hapakuwa na chozi. Nikarudi nyumbani, nikakaa na karatasi nyeupe. Nikaandika hivi: mama yake aliuza vitumbua, na yeye, mtoto wa miaka saba, aliamka saa kumi alfajiri kumshikia mama yake kibatari ili aone mafuta yanapochemka, na upepo ukija alikifunika kwa kiganja mpaka kiganja kikaungua. Nilipomaliza nilitetemeka kwa furaha. Nilijua ni nzuri.

Ilikuwa nzuri kwa sababu ilikuwa kweli, ila haikuwa yake. Ilikuwa ya Mjomba. Bibi yangu ndiye aliyeuza vitumbua, na kibatari alikishika Mjomba. Kovu analo hadi leo, mkono wa kushoto. Nilikuwa nimelisikia simulizi hilo mara mia, nikaliiba, nikalivika mtu mwingine.

Siku ya mkutano nilikwenda, kama mwandishi anavyokwenda kuona tamthilia yake. Mgombea akalisoma vizuri, akanyamaza panapostahili. Alipofika kwenye kiganja, akina mama wakashika vifua. Nikageuka, nikamwona Mjomba katikati ya watu. Analia. Mjomba wangu, ambaye sikupata kumwona akilia hata tulipomzika Bibi! Tulipokuwa tunarudi akaniambia: "Mjomba, huyu mtu kashika kibatari. Huyu ananijua." Kura yake ikawa imekwenda. Nami nilikuwa na elfu sitini mfukoni, nikanyamaza.

Kwa fedha ile nilikwenda stesheni nikachapishiwa kurasa arobaini za mwanzo za riwaya yangu.

Yule bwana alishinda. Sitasema aligeuka shetani. Aligeuka diwani tu, simu ikawa haipatikani. Mjomba na mafundi wenzake walikuwa na shida ya eneo la kuanikia mbao. Akaenda ofisini kwake, akakaa kwenye benchi siku tatu, hakuonekana naye. Siku ya tatu akarudi karakana, akaniambia bila hasira: "Labda kasahau kibatari."

Tangu siku ile nimekuwa nikiwaza, nami nawaza kwa kalamu. Swali langu la kwanza lilikuwa: je, siku ile uwanjani palikuwa na dalili yoyote ya kumjua mtu yule, ambayo mimi sikuiandika? Ndiyo, ilikuwapo. Kabla ya ile hadithi, kijana mmoja aliyevaa ndala alinyosha mkono akauliza juu ya mtaro ulioziba na kujaza maji majumbani. Mgombea akacheka, akasema, "Huyu katumwa." Vijana wa ulinzi wakamshika yule kijana mabega, wakamsogeza nyuma, nyuma, hadi akatoka uwanjani. Ilichukua dakika moja. Dakika ile haikuwa kwenye karatasi yangu. Mimi niliandika anachosema, lakini sikuweza kuandika atamfanya nini mtu anayempinga. Pale alikuwa yeye mwenyewe, bila mwandishi. Na sote tuliiona! Kisha kikaja kibatari, tukaisahau.

Hapo nikapata kitu. Wenzangu tunaoandika tunajua kwamba mhusika humjui kwa namna anavyojieleza. Unamjua kwa namna anavyomtendea yule asiye na cha kumpa, na anavyofanya akikataliwa. Mgombea naye ni hivyo hivyo. Utoto wake unaweza kuandikwa na kijana wa kidato cha nne kwa elfu sitini. Ahadi zake zinaweza kuandikwa na mtu mwenye mshahara mkubwa zaidi. Lakini swali asilolitarajia, mpinzani anayemkera, mwandishi wa habari mbishi, mtu mdogo anayesema hapana, hao wanatuonyesha kitu. Na kama aliwahi kushika madaraka, hata ya ukuu wa shule au uenyekiti wa mtaa, tuulize: waliompinga wakati ule, wako wapi leo? Walibaki na kazi zao? Walibaki na sauti zao?

Najua utaniambia: hata hilo anaweza kulizuga. Kweli. Anaweza kuwa mpole miezi miwili ya kampeni, na ukipata ukasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Hapa Mjomba amenifundisha jambo la mbao. Ubao mbichi, anasema, hata fundi wa miaka thelathini anaweza kukosea. Unaupiga kidole, unautazama kichwani, unaunyanyua kuona uzito, unaona umekauka. Ukiutia mlangoni, jua likaupiga miezi sita, unapinda. "Ndiyo maana," anasema, "mlango haufungwi kwa misumari. Unafungwa kwa bawaba na skrubu. Ukipinda, unautoa."

Madaraka ndiyo jua lenyewe. Hakuna kipimo cha kampeni kinachoweza kutuhakikishia ubao hautapinda. Kwa hiyo, kwa maoni yangu, swali kubwa la kumwuliza mgombea urais si "wewe ni mwema?" Wote ni wema Septemba. Swali ni hili: "Nikikosea kukuchagua, utaniachia nafasi ya kusahihisha?" Yaani utawaacha wanaokukosoa waseme? Utaacha mahakama iamue hata dhidi yako? Utaacha wapinzani wako wasimame na wewe uwanjani tena baada ya miaka mitano? Anayekubali skrubu, hata kama sikupenda sura yake wala utoto wake, huyo naweza kukaa naye. Anayetaka misumari, hata awe amelia machozi ya damu, simtaki.

Hili si jambo la vitabuni tu. Katiba yetu, ibara ya 41(7), inasema mtu akishatangazwa na Tume kuwa amechaguliwa Rais, hakuna mahakama yenye mamlaka ya kuchunguza kuchaguliwa kwake. Matokeo ya ubunge unaweza kuyapinga kortini, ya urais huwezi. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, yenye makao yake Arusha, iliona kifungu hicho kinavunja haki za watu. Huo ni msumari. Je, katika kampeni zote ulizohudhuria, ulisikia wangapi wakiuliza habari za msumari huo? Mimi nimesikia habari za lami, za zahanati na za pushapu.

Na kupima kunataka vya kupimwa. Katika uchaguzi wa Oktoba 29, 2025, Chadema haikuwamo kwenye karatasi ya kura, na mwenyekiti wake, Tundu Lissu, alikuwa rumande akikabiliwa na kesi ya uhaini. Siku ile watu waliingia barabarani, na watu walipoteza maisha. Intaneti ikazimwa. Dar es Salaam ikawekwa amri ya kutotoka nje usiku. Nilimkumbuka yule kijana wa mtaro akisukumwa mabega, nyuma, nyuma, mpaka nje ya uwanja. Mtu akitolewa uwanjani swali lake halifi, bali hutafuta mlango mwingine wa kuingilia.

Usiku mmoja kati ya zile za kufungiwa tulikuwa sebuleni mimi na Mjomba, simu zimelala mezani hazina kazi. Hapo nikamwambia. Nilimwambia yote, la kibatari, la elfu sitini, la kurasa arobaini. Sikumtazama usoni.

Alikaa kimya muda mrefu. Kisha akauliza: "Walikupa ngapi, umesema?"

"Elfu sitini, Mjomba."

"Basi Bibi yako hujamuuza rahisi. Yeye kapu zima la vitumbua hakuwahi kupata hiyo."

Ningependa angenipiga. Nikaomba radhi, sauti haitoki. Akageuza ule mkono wa kushoto, akautazama kama mtu anayeangalia saa. Akasema: "Yule kijana wa ndala, aliyeuliza mtaro. Mimi nilimwona. Nikasema moyoni, ana kiherehere huyu. Hilo hukuniandikia wewe, mjomba. Hilo nilifanya mwenyewe."

Mpaka leo sijui kama alinisamehe au aligawana nami mzigo. Lakini ndiyo maana nimeandika makala hii, na sikuandika hadithi, kwa sababu hadithi nimeogopa kidogo.

Wenzangu wa kalamu, msimu mwingine utakuja, na watakuja kututafuta. Sisi ndio wenye vibatari vya kuazimisha. Kabla ya kuchukua bahasha, tujiulize tutakaa wapi katika umati siku hiyo, na nani atakuwa amesimama jirani yetu akilia. Na wewe msomaji usiyeandika, ukienda mkutanoni, mwache mgombea amalize utoto wake. Halafu tazama mtu mdogo akinyosha mkono kuuliza. Tazama hiyo dakika moja, kisha nenda nayo mpaka kwenye sanduku la kura.

Zile kurasa arobaini bado ninazo. Sijazichoma, wala sijampelekea mchapishaji yeyote. Wewe ungezifanyaje?